Mstari Mmoja wa Maji

Ofisi yetu ilikuwa Muhima, mtaa wa Kigali, juu ya duka la vigae, na mradi ulikuwa wa mji wa pwani ambao kati yetu sote ni mimi tu niliyewahi kukanyaga mchanga wake. Kule bahari inapanda na kula barabara. Tulitakiwa kubuni ukuta na bustani za kuukinga mji pamoja na mikoko yake.

Bosi alichora maji kwa mstari mmoja. Nyuma ya ukuta akapanga mikoko kama michongoma ya uani. Jumatatu nilipouona mchoro ule nikautafuta mstari wa pili nisiuone, kisha nikaanza kujitilia shaka: huenda uko kwenye mchoro mwingine, huenda anajua, ananipima tu. Niliandika ujumbe nikaufuta, nikaandika tena nikafuta, hadi Alhamisi, siku ya kumtumia mteja michoro.

Nikamwuliza, "Bosi, na maji yakipwa?"

"Yakifanya nini?"

Hapo nikaelewa. Amekulia Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwao ziwa lile waliliita inyanja, na bahari nayo ni inyanja. Alikuwa amechora ziwa.

Nikamweleza kwamba bahari hujaa na kupwa kila siku, na mikoko huishi kwa maji hayo yanayokuja na kuondoka. Ukiifungia nyuma ya ukuta itakufa imesimama, kaa wataozea humo humo, na bahari ikipanda hakutakuwa na mizizi ya kuipunguza nguvu. Nikachora mstari wa pili, wa maji yakipwa, kwenye kompyuta, na tope lote lililo katikati.

Akacheka. "Weye mtu wa pwani, hii matope ya nini? Sisi Kigali tunafagia, weye unaleta uchafu. Mteja atakimbia. Futa."

"Lakini bosi, bila tope mikoko..."

"Oya, hapana. Ukuta iko mzuri. Ongeza miti, kijani iwe mingi."

Nikafuta. Nikabandika mikoko ya picha nyuma ya ukuta, nikaitia vivuli, nikaweka hata yangeyange mweupe juu ya tawi. Uongo ule niliufanya kwa uangalifu zaidi kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya chuoni, na nilijua hivyo nikiwa naufanya.

Bosi akainama, akanipiga bega. "Umeona? Sasa inapendeza."

Nikasema asante. Halafu nikatuma, maana kompyuta ilikuwa mbele yangu.