Kalamu Iliyoandikwa Ngozi

Nilianza kufundisha Kitengela mwishoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya kibinafsi iliyojengwa nusu mawe ya machimbo, nusu mabati. Wakati huo ukitembea nusu saa kutoka stendi ulikuwa bado unawaona nyumbu. Wazazi wengi wa wanafunzi wetu walikuwa wapangaji, watu wa magharibi na wa Ukambani kama mimi, waliofanya kazi viwandani Athi River au maofisini Nairobi. Wamaasai tulikuwa nao wachache.

Darasa langu, la pili, lilikuwa na mikebe miwili ya kreyoni zilizokatikakatika. Watu wote waliochorwa darasani humo walikuwa rangi ya chungwa. Mtoto angemwambia mwenzake, "Nipee rangi ya mtu," naye mwenzake angempa kipande cha chungwa bila kuuliza. Nilisikia maneno hayo kila juma kwa miaka minne na sikuona kitu. Hata mimi niliyasema. Naandika hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nilikuwa mwerevu kuliko wengine.

Kisha tukaletewa sanduku. Lilitoka kwa watu wa ng'ambo waliosaidia shule kupitia kanisa lao, na ndani mlikuwa na kalamu za rangi, zile nene za wino, pakiti moja kwa kila darasa. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama mnene, mchapakazi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenye shule. Alizifungua mbele ya gwaride na kutuambia tupige makofi. Wageni wenyewe wangekuja mwisho wa muhula. Kila mtoto ajichore, chini aandike asante, na picha zibandikwe ukutani.

Kila kalamu ilikuwa na jina lake ubavuni kwa Kiingereza. Nyekundu, kijani, buluu. Moja ilikuwa ya waridi hafifu, kama fizi za mtoto mchanga. Hiyo iliandikwa "ngozi".

Nilikuwa na msichana mmoja wa miaka minane, mweusi kuliko wote darasani. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha saruji, mama yake aliuza mboga karibu na stendi. Alikuwa mtoto nadhifu, wa kuchonga penseli nje ili asichafue sakafu. Zamu yake ya kalamu ile ilipofika hakuanza na karatasi. Alijichora mstari nyuma ya mkono, akautazama, akachora mwingine. Halafu akaja mezani kwangu.

"Ticha, hii imeisha wino."

Nikaichukua, nikachora kwenye karatasi. Mstari wa waridi ukatokea, umelowa kabisa.

"Haijaisha. Ona."

"Lakini kwa mkono haiandiki."

Nilicheka. Darasa likasikia mimi nimecheka, likacheka pia. "Wewe paka tu kwa karatasi," nikamwambia.

Hakupaka. Alirudi kwenye dawati, akachukua ya kahawia, akaipitisha ya nyeusi juu yake, akasugua kwa kidole chenye mate mpaka akapata alichokuwa akitafuta. Picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Alikuwa ameweka sweta ya shule yenye kiwiko kilichoshonwa, na nywele alizisuka mstari kwa mstari. Niliibandika katikati ya ukuta.

Alhamisi mwalimu mkuu akapita kukagua. Alitembea polepole mbele ya picha, mikono nyuma, akasimama katikati.

"Nani amefanya hii?"

Nikamwonyesha kwa macho tu.

"Mbona ameharibu? Anakaa mtu ametolewa kwa masizi."

"Amejichora vile yuko, Madam."

"Na wageni wataonaje? Watu wametuletea kalamu ya ngozi na sisi hatuitumii? Wataona ni kama tumewadharau." Akaibandua kwa mkono wake mwenyewe, kona moja ikachanika, akanipa. "Arudie."

Msichana alikuwa ameketi dawati la pili. Alisikia kila neno.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kuna kitu nilisema wakati huo. Hakuna. Nilitia picha ile kwenye droo, nikampa karatasi mpya, nikamwambia, "Madam amesema urudie. Tumia ile ingine." Akaitumia. Alichora mtoto wa waridi mwenye sweta isiyoshonwa, akaniletea bila kunitazama, nami nikabandika. Kitu kilichoniuma jioni hiyo ni kwamba kilikuwa kitu kidogo sana kukifanya. Kilichukua dakika kumi.

Ijumaa kalamu ya waridi haikuwa kwenye pakiti. Nilitafuta chini ya madawati, sikuiona.

Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne, mama yake alikuja akimvuta kwa mkono. Bado alikuwa na leso ya biashara kiunoni, na majani ya sukuma yameshika kwenye leso.

"Mwalimu, niambie hapa mnafundisha nini."

Akapandisha mkono wa sweta ya mtoto. Kutoka kiganjani hadi begani mlikuwa na utando wa wino uliokauka, unaong'aa kijivu, umepasukapasuka penye kiwiko. Mahali pengine ngozi ilikuwa imechubuka kwa sababu mama alikuwa ameisugua kwa brashi ya nguo.

"Na uso pia. Nimeosha uso mpaka tukalia wote wawili. Namuuliza, ulikuwa unafanya nini? Ananiambia anataka akae kama picha. Picha gani, mwalimu?"

Nikamwonyesha ukutani. Aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye."

"Huyu simjui," mama akasema. "Huyu sikuzaa mimi."

Hapo nikafungua droo nikamtolea ile ya kwanza, yenye kona iliyochanika, na nikamweleza yote, pamoja na kicheko changu. Hakunigombeza. Labda ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alisema tu, "Huyu sasa ndiye," akaishika picha kwa mikono miwili na kwenda nayo ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilimfuata.

"Mama, karibu kiti," mwalimu mkuu akasema. "Hakuna mtu ametukana mtoto."

"Sijaitisha kiti."

"Hizi kalamu ni msaada. Kitu umepewa, huwezi anza kuchagua."

"Sichagui. Nasema musimwambie mtoto wangu hiyo ndiyo ngozi."

"Ni rangi tu, mama. Watoto wanacheza."

"Kama ni rangi tu, yake ulitoa kwa ukuta kwa nini?"

Mwalimu mkuu akanigeukia mimi, na macho aliyonitazama nayo hayakuwa ya kumtazama mwalimu wake. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba picha ile nairudisha ukutani leo hii.

"Mwalimu," akasema, "hii shule si yako."

Nilikuwa bado mtu wa kuamini ofisi. Juma hilo hilo niliomba ruhusa nikaenda Kajiado mjini, kwa afisa wa elimu. Niliketi kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi wakati wa chakula. Nilipoingia, afisa alinisikiliza akiwa anakula njugu, kisha akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyeanguka.

"Madam, niko na shule huko Rombo watoto wanasomea nje. Na wewe umetoka Kitengela kulia na kalamu?"

Jibu lilinijia nikiwa nje kwenye jua: kwamba wale wa Rombo nao wana ngozi, na siku watakapojengewa darasa wataletewa sanduku lile lile. Nilitaka kurudi nikamwambie. Mlango ulikuwa umefungwa, ameenda kula.

Nilikasirika hadi nikapita sokoni bila kujua naelekea wapi. Mama mmoja Mmaasai alikuwa amepanga shanga na mafungu ya ule udongo mwekundu wa kujipaka. Nikamsalimu, "Takwenya," akaitikia, "Iko." Nikamwambia nataka udongo.

"Unapaka nani?"

"Watoto wa shule. Lakini kwa karatasi."

Alifikiri kidogo. "Kwa karatasi," akarudia, akatikisa kichwa, na akaniongezea konzi nzima.

Kesho yake nilileta darasani udongo ule, vumbi jeupe la mawe ya machimbo, makaa yaliyotwangwa, na uji mzito wa unga wa ngano wa kushikisha. Nikawapa watoto vifuniko vya mikebe na kuwaambia kila mtu akoroge mpaka apate rangi ya mkono wake, na asipake kabla hajaweka mkono kando ya kifuniko na kulinganisha.

Ningependa kusema kwamba walifurahi. Wengine walifurahi. Mmoja alitangaza kwamba yeye ni chai yenye maziwa mengi. Lakini mvulana mmoja aliyezoea kuwacheka wenzake kwa weusi alipoona kifuniko chake kilivyokuwa, alinuna mpaka kengele ikalia. Na msichana waliyemwita mzungu alilia alipogundua kwamba yeye ni kahawia kama wengine. Walikuwa na miaka minane, na tayari walijua rangi ipi ni bora. Nani aliwafundisha? Sisi. Kwa vitu vya dakika kumi kumi.

Msichana wangu alikoroga kuliko wote. Aliweka makaa, akaangalia mkono ambao ulikuwa bado na kovu la brashi, akaongeza udongo.

"Ticha," akasema, "ndani iko nyekundu kidogo."

Nikaweka mkono wake mwangani, nikaona ni kweli. Ilikuwa muhula wa pili namfundisha.

Wageni walipokuja picha zetu zilikuwa ukutani. Rangi ilikuwa imepasuka, na vumbi lilidondoka sakafuni kila mlango ulipofungwa. Mwalimu mkuu hakuzigusa, nadhani kwa kuogopa mama wa mboga kuliko mimi. Mgeni mmoja, bibi mzee, aliuliza kwa nini darasa hili halikutumia kalamu. Mwalimu mkuu akajibu upesi kwamba tunazitunza. Mimi nikaileta ile ya waridi, ambayo mama wa msichana alikuwa ameirudisha, nikamwomba bibi ajichore nyuma ya mkono. Alijichora. Alikuwa amechomwa na jua letu, na mikono yake ilikuwa myekundu yenye madoa ya kahawia. Mstari ulionekana wazi, mweupe mweupe kama dawa.

"Hata kwangu si hii," akasema, akaona haya. Kisha akaniambia kwamba hawakuwa wamefikiria hilo, hakuna aliyekusudia ubaya.

Nilimwamini, na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Mtu alikaa kiwandani akachagua jina la kuandika. Mwingine akapakia, mwingine akanunua, mwingine akaomba baraka juu ya sanduku. Mwalimu mkuu akatupigisha makofi na mimi nikabandika ukutani. Katika watu wote hao hakuna aliyefikiria, mpaka mtoto akajipaka.

Muhula ulipofungwa nilipewa barua kwamba shule haitanihitaji tena. Haikutaja kalamu. Ilisema wanafunzi wamepungua. Nilipata kazi shule ya serikali karibu na Kajiado, na huko nimefundisha hadi leo. Msichana naye alihamishwa na wazazi wake akapelekwa shule nyingine.

Baada ya miaka sita nilishuka stendi ya Kitengela nikamkuta mama yake mahali pale pale, ila sasa alikuwa na kibanda chenye paa. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinifungia sukuma, akaongeza nyanya, tukaulizana habari za nyumbani. Mtoto alikuwa karibu kufanya mtihani wa darasa la nane, akasema, na anashika nafasi nzuri.

"Na bado anachora?" nikauliza.

"Hapana, mwalimu. Hiyo aliacha zamani." Akafunga mfuko fundo. "Anasema anapenda hesabu."

Akanikabidhi mfuko na kumgeukia mteja mwingine. Nilisimama kando ya kibanda, watu wakinipita huku na huku, na hasira ikanipanda upya kama siku ile ya benchi, ila sasa sikuwa na ofisi ya kuipeleka.