Neno la Kaburini kwa Orbie

Kwa miaka arobaini Zella Ratliff alijulikana kwa kusahau miwani. Akipewa barua asome, miwani ameiacha nyumbani. Maneno mafupi aliyamudu, ila marefu yalimtoa jasho, na aliyeijua siri hiyo ni mumewe Orbie peke yake, hadi alipofariki majira ya baridi yaliyopita.

Kwao milimani, West Virginia, kila Agosti ukoo hukutana kupamba makaburi, na mkubwa wa familia husoma Biblia. Mwaka huu zamu ilimwangukia Zella. Mistari aliijua yote kichwani, angeweza kujifanya anasoma tu huku kitabu kimefunguliwa. Lakini amdanganye Orbie mbele ya kaburi lake? Moyo ulikataa katakata. Akaenda kwa jirani yake Ione, mwalimu mstaafu, akamweleza ukweli.

"Vuta kiti, shoga," Ione akasema, akimsogezea beseni la maharagwe mabichi ya maganda marefu. "Haya unayavunja tangu utotoni. Umewahi kuliogopa moja kwa kuwa ni refu?"

"Haragwe halinicheki, Ione."

"Basi na neno livunje. Weka mkono chini ya kidevu, sema polepole. Kidevu kikishuka, hicho kipande."

Julai nzima wakavunja, maharagwe na maneno. Siku moja wakalifikia lile la Biblia yao ya Kiingereza alilolisoma Orbie kila mwaka makaburini: in-cor-rupt-i-ble. Kidevu kilishuka mara tano. Kisha Ione akamwonyesha kilichomo: mwanzoni kukanusha, katikati kuoza, mwishoni kuweza.

Haragwe likamdondoka Zella. "Yaani kisichoweza kuoza?" "Miaka yote nikidhani ni mlio tu wa kanisani! Kumbe humo ndani Orbie alikuwa ananiambia hivyo?"

Ione akaliokota haragwe. Macho yalikuwa yamemlowa.

Siku ya makaburi Zella alivaa miwani, akasoma kidole kikifuata mstari. Alipolifikia neno lile, akasita. Mkono ukapanda kidevuni. Watu wakatazamana. Kidevu kikashuka mara tano, polepole, na neno likatoka zima juu ya udongo ambao bado haukuwa na nyasi.

Baadaye wifi yake Trula akamtania akigawa kuku wa kukaanga. "Wifi, leo miwani hukuisahau?"

"Sijawahi kuisahau, Trula," Zella akasema. "Hata siku moja."