Chasisi ya Kigari na Chumba cha Uani

Mjomba wangu hakuwahi kunikataza kazi. Alifanya kibaya zaidi: aliicheka. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia kwetu Ruangwa kabla ya kurudi shambani kwake Nandagala, na kila Ijumaa alisimama mlangoni pa chumba changu cha uani, akachungulia redio zilizopasuliwa matumbo, simu zisizo na vioo, feni la jirani, kisha akauliza, "Mpwa wangu, bado unacheza?"

Kucheza! Mimi ninayekula, ninayevaa na kumtunza mama mdogo kwa kazi hiyohiyo. Nilikuwa namwamkia shikamoo huku meno yameumana.

Lakini kwetu mjomba hajibiwi ovyo. Nyumba ilikuwa ya bibi, ikaja kwa mama, na mama alipofariki tukabaki ndani mimi na mama mdogo. Hata hivyo neno la mwisho juu ya nyumba ni la mjomba, kaka yao. Ndiyo desturi, sote tumeikuta. Kwa hiyo aliposema anataka pa kuwekea salfa ya kupulizia mikorosho yake, na baadaye magunia ya korosho zenyewe, na kwamba chumba cha uani kinamfaa, mama mdogo aliinamia sufuria yake akakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mimi nikashindwa kunyamaza. "Sasa mjomba, kazi nitafanyia wapi?"

"Kazi gani? Hiyo?" Akanyoosha kidole mezani. Na bahati yangu mbaya, siku hiyo mezani palikuwa na kigari.

Kigari chenyewe nilikirithi kwa mteja, mtaalamu wa miamba aliyekuja kupima madini huku kwetu. Alikileta kimevunjika, akahamishwa kabla sijakigusa, akanipigia simu akasema baki nacho. Ni cha kuendesha kwa rimoti, urefu wake kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidole, na hakikimbii. Kazi yake ni kupanda mawe, polepole, gurudumu moja baada ya jingine. Kina shokapu, kina giaboksi, kina difu mbele na nyuma, yaani Landrova kamili iliyonyauka. Chasisi yake ya plastiki ndiyo iliyokuwa imepasuka katikati. Nilikuwa nimeagiza nyingine kutoka Dar, si ya kiwanda kilichotengeneza kigari bali ya watu wengine, mabamba mawili ya alumini. Waliyasifia kwamba yanashusha uzito chini na kuusogeza mbele, ili gari lisibinuke kwenye mwinuko.

"Hicho ni cha watoto," mjomba akasema.

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. "Hicho unachokiita cha watoto kitapanda jabali la nyuma ya nyumba. Mpaka juu!"

Jabali lile tunaanikia makopa ya mihogo kwenye kiuno chake, hapo chini palipo bapa. Huko juu hapendi kwenda mtu. Mjomba alicheka mpaka kofia ikasogea. "Thubutu! Mbuzi wenyewe wanalizunguka." Kisha akaacha kucheka, akanitazama sawasawa. "Haya. Fundi hujulikana kwa kazi yake. Ijumaa ijayo nikitoka msikitini nataka nikione. Kikifika juu, chumba chako, sikigusi tena. Kikishindwa, unatoa takataka zako. Mama yako mdogo ni shahidi."

"Mimi simo," mama mdogo akasema toka jikoni. Lakini alikuwa amesikia kila neno.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Asubuhi yake nilikifungua kigari chote nikakibakiza mifupa. Ekseli upande huu, giaboksi pale, skrubu kwenye vifuniko vya chupa ili zisichanganyike. Nilipoyaleta mabamba mapya, lo! Matundu ya giaboksi hayakukutana. Yalipishana kidogo tu, lakini skrubu haijui kidogo. Nikachukua tupa nikayatanua matundu taratibu, nasugua, napima, nasugua tena, mama mdogo akilalamika kwamba sauti ile inamtia ganzi ya meno. Halafu nyaya za mota zikagoma kupita kwenye tundu lake jipya kwa sababu ya vichwa vya plastiki vilivyokuwa mwishoni. Nikazikata, nikazimenya ncha, nikaziacha wazi tayari kwa kuunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha. Ndipo nikagundua skrubu zilizokuja na chasisi ni fupi. Ruangwa nzima nikakosa ndefu. Nikazifuata Nachingwea kwa fundi mmoja wa saa na redio, nikanunua na risasi kidogo, nikalala huko kwa rafiki yangu tuliyesoma naye.

Niliporudi nilikuta mjomba hakungoja Ijumaa. Vijana wake walikuwa wameshusha salfa, mifuko imepangwa ukutani mwa chumba changu, mmoja umetoboka na vumbi la njano limetanda hadi mezani. Nilitamani kulia kwa hasira. Nilitamani niitupe yote barabarani. Badala yake nilivua pete yangu ya fedha nikaifunga kwenye pindo la khanga, kwa sababu huku kwetu kila mwanamke anajua kwamba msimu wa kupuliza salfa hula fedha ikawa nyeusi. Kisha nikafuta meza, nikawasha chuma cha kuchomea nikaanza kazi.

Risasi haikushika. Iliyeyuka vizuri, ikajikunja kitonge, ikateleza kwenye waya ikaanguka mezani. Nikaongeza moto. Ikaanguka. Nikabadilisha risasi nikatumia ile niliyonunua Nachingwea. Ikaanguka. Nilimlaani yule fundi wa saa, nikamwita tapeli wa matapeli, nikasema nitamrudishia risasi yake feki na kumwaga maneno mbele ya wateja wake. Mama mdogo akaja mlangoni. "Wewe mtoto, pumzika. Hiyo hasira yako hata ugali haiwezi kuivisha."

"Sipumziki, mama. Akikichukua chumba hiki nitakaa wapi na vitu vya watu? Nitakaa chini ya meza yako ya maandazi?"

Nikashika zile ncha za nyaya nikazipeleka dirishani kwenye mwanga, na hapo nikaona. Zilikuwa nyeusi, weusi uleule wa pete zetu. Nilikuwa nimeikimbiza pete ya kidole nikaisahau shaba iliyo uchi mezani, mimi, fundi! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mama mdogo akaniuliza kuna nini, nikamwambia kuna mjinga mmoja humu ndani na si fundi wa Nachingwea.

Nilikata ncha. Ndani bado weusi, umepenya chini ya ganda la plastiki. Nikakata tena, na tena, mpaka shaba ikang'aa. Safari hii risasi ikashika kwa mguso mmoja. Tatizo nyaya zikawa fupi, hazifiki kwenye kile kisanduku kinachogawia mota umeme. Sikuwa na nyingine za unene ule. Nikakihamisha kisanduku, nikakifunga mbele kabisa, juu ya ekseli, pamoja na betri. Skrubu zote nikazitia tone la rangi ya kucha ya mama mdogo zisilegee kwa mtikisiko, na akanisimanga kwa rangi yake hiyo mpaka jioni. Niliifunika meza yote kwa turubai nikakipeleka kigari ndani ya nyumba, chumbani ninakolala, mbali na salfa.

Ijumaa mjomba alikuja na kanzu yake nyeupe. Nikamwamkia, akaitika, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba akasimama na mikono mgongoni. Majirani wawili watatu walikuwa tayari wameshanusa habari.

Kigari kilipita kwenye makopa bila shida. Kwenye mwinuko wa kwanza pua yake ikatulia chini, haikuinuka hata kidogo. Uzito ulikuwa mbele, na sijui nimshukuru nani kati ya walioichonga chasisi na zile nyaya fupi. Katikati pana ufa. Tairi la mbele likaingia, la nyuma likainuka hewani, kigari kikaanza kulala ubavu. Jirani mmoja akasema, "Basi, kwisha." Nikakirudisha nyuma, nikageuza usukani kushoto ambako jiwe linakwaruza, nikakiacha kitambae. Kikasita. Kikashika. Shokapu zikajikunja na kufunguka, na majirani wakasogea karibu, hata mjomba. Kisha kikawa juu, kimesimama kwa magurudumu yote manne. Nilipiga kigelegele changu mwenyewe kwa sababu sikuweza kumngoja mwingine.

Mjomba hakupiga makofi. Alinyoosha mkono. "Lete hicho."

Nikampa rimoti. Nilitaka kumwelekeza, akasema yeye ameendesha lori la korosho kabla mimi sijazaliwa. Akabonyeza. Kigari kikaenda mbele, akafurahi, nikaona meno yake yote. Akabonyeza zaidi. Kikapotea upande wa pili wa jabali na tukasikia mlio wa kitu kikidunda, kikadunda, kikanyamaza.

Tulizunguka mbio. Ekseli ya mbele imeng'oka, tairi moja liko kwenye majani, shokapu imepinda. Nilipiga magoti nikaanza kuokota vipande, machozi yananilenga, na neno baya lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikainua uso nimwambie, mjomba au si mjomba.

Alikuwa amesimama juu yangu, kanzu imejaa mbegu za majani, ameshika rimoti kwa mikono miwili.

"Unanitazama nini?" akasema. "Si una chumba? Nenda ukatengeneze."