Kipa Haongeleshwi Siku ya Mechi

Babu Orest, kaka yake bibi yangu, alikuwa kipa wa kulipwa wa hoki ya barafu hadi magoti yalipokataa. Mdomo wake umepasuliwa na mashuti na kushonwa mara nyingi hadi hawezi kupiga mluzi.

Hapa Manitoba, Kanada, kipa haongeleshwi siku ya mechi. Tangu asubuhi hadi filimbi ya mwisho, hata mkewe alikuwa akimsogezea mayai bila neno. Siku moja ya mechi, baba yake Babu alipozidiwa hospitalini, timu nzima ilijua, yeye akaachwa adake. Walishinda. Alipovua vikinga vya miguu ndipo wakamwambia, na mzee alikuwa ameshakata roho. Hakumlaumu mtu. Mechi iliyofuata alidaka tena, na tena hakuna aliyemsemesha. Hapo ndipo huwa simwelewi.

Siku hizi hudaka mara moja tu kwa mwaka, kwenye mechi yetu ya kufunga msimu, juu ya ziwa lililoganda. Mwaka huu upepo wa joto uliwahi. Mimi nilikuwa beki wake. Asubuhi barafu ilikuwa nyeupe. Mchana ikawa kijivu, dalili kwamba inayeyuka. Babu ana mazoea ya kugonga nguzo za goli kwa fimbo yake ya kuchezea, kushoto, kulia. Sasa kila akigonga, maji yanachuruzika kutoka chini ya nguzo.

Nikateleza hadi kwa Mzee Metro, mwamuzi wetu, aliyecheza na Babu timu moja enzi zile.

"Mzee, umeona pale golini?"

"Nimeona. Mechi inakaribia kuisha."

"Mwambie basi atoke."

"Binti, kipa haongeleshwi. Unataka tufukuzwe mji huu?" Alitania, ila hakucheka.

Barafu ikalia chini yetu, sauti ndefu, kama mlango mzito unaofunguliwa mbali. Wote tukasimama. Babu akainua fimbo agonge.

"Babu," nikasema. Wakanitazama kama nimetukana kanisani. "Usigonge tena. Njoo kwangu, polepole."

Fimbo ikabaki hewani. Akayaona maji. Akalala kifudifudi, akajitandaza kama anayezuia shuti, akajivuta kuja kwetu. Nyuma yake goli likainama, kisha likazama kimya.

Ufukweni alikataa kahawa.

"Metro," akasema, "siku ile ya baba, ulijua tangu saa ngapi?"

Mzee Metro akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. Ziwani barafu ikalia tena.