Ng'ombe wa Mahari ya Hellen

Mwanangu Samsoni alifundisha fizikia kwa miaka sita katika shule moja ya sekondari mkoani Mbeya, na katika miaka hiyo hakuna mzazi aliyewahi kuniambia neno baya juu yake. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa hapa kwetu Makwale, Kyela, wakimtaja, huanza na ng'ombe.

Mwezi wa tatu mwaka jana aliwasindikiza wanafunzi wake kwenye mashindano ya sayansi. Gari la kukodi likapinduka kwenye mteremko wa Tukuyu. Wanafunzi wawili walifariki. Samsoni alitoka na mchubuko wa kiwiko tu, na nadhani mchubuko ule mdogo ndio uliomwumiza kuliko kitu kingine chochote, maana kila aliyekuja kumpa pole alimwambia amshukuru Mungu, na yeye hakuweza. Alirudi nyumbani na begi moja. Hakuzungumza. Akishika kikombe, mikono inatetemeka. Mlango ukifungwa, jasho linamtoka. Usingizi ulimkimbia kabisa. Alizunguka kati ya migomba mpaka kunapambazuka.

Mimi nimefundisha miaka thelathini na miwili. Marehemu mume wangu, Mwalimu Asajile, alikuwa mkuu wa shule, na nusu ya wenye vyeti katika kata hii walipita mikononi mwake. Sikuwa tayari kusikia nyumba yake ikitajwa kuwa ina kichaa. Nikasema kanisani kwamba Samsoni amechukua likizo, anaandika utafiti wa shahada ya pili. Nilimwambia Rut, mwenzangu wa kwaya, mara moja tu. Kwa Rut mara moja inatosha.

Kisha nikampeleka hospitali ya mbali, ambako hatujulikani. Nilitarajia vidonge. Tulipewa, lakini tukakalishwa pia mbele ya mshauri, binti mdogo anayeitwa Naomi. Alikaa karibu na Samsoni, halafu akanigeukia mimi.

"Mama, nyumbani mnafuga?"

"Tuna ng'ombe mmoja," nikasema. "Amezeeka. Hazai tena."

"Samsoni huwa anakaa naye?"

Nilimjibu kwamba nimetoka Kyela kwa ajili ya mwanangu, si kwa ajili ya mifugo. Hakukasirika. Alieleza kwamba mwili wa mtu aliyeshtuka namna ile unabaki unasubiri ajali nyingine, na kwamba kumhudumia mnyama mpole kila siku, saa ileile, humsaidia kutulia, kwa sababu mnyama hamwulizi chochote. Vidonge aendelee navyo, arudi kwake kila mwezi, na ng'ombe awe kazi yake ya asubuhi na jioni. Mimi niandike kwenye daftari muda anaolala.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachemka. Nimepeleka mtoto hospitali, nimeandikiwa ng'ombe!

Ng'ombe mwenyewe anaitwa Sabuni kwa weupe wake. Alikuja kwetu kama mahari ya binti yangu Hellen, aliyeolewa ng'ambo ya mto Songwe. Alivushwa mto wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, na mume wangu alikwenda kumpokea amevaa tai. Kwa desturi yetu ng'ombe wa mahari hawi wa nyumba moja. Ukoo mzima unamjua na ukoo mzima unamsubiri.

Samsoni akaanza. Kukipambazuka yuko zizini, anamsugua Sabuni kwa gunzi la mahindi kuanzia shingoni mpaka mapajani. Akimkatia majani, anayabeba kichwani na kupita nayo barabarani mbele ya watu wote, mwalimu wa fizikia. Halafu anaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe na kubaki hivyo hata robo saa, wanapumua pamoja. Siku ya kwanza nilipomwona hivyo nilirudi jikoni nikagonganisha masufuria bila sababu.

Maneno yake ya kwanza baada ya miezi minne yalikuwa "Sogea kidogo." Alimwambia ng'ombe. Siku hiyo nilikuwa nimempikia samaki, mbasa wa ziwani, na wali wa mpunga mpya. Alikula, akanawa, akarudi zizini.

Nikisema sikumwonea wivu yule ng'ombe nitakuwa nadanganya. Lakini daftari nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu. Mwanzoni usingizi wa saa moja, saa mbili. Mwezi wa nane, saa tano mfululizo. Mwezi wa tisa alianza kufunga mlango wa chumba chake mwenyewe.

Mtu fulani alimpiga picha ameegemea ng'ombe, ikazunguka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ikiwa na maneno: "Mtafiti akiwa kazini." Jumapili Rut akanisogelea.

"Mwalimu, hiyo shahada ya pili ni ya mifugo?"

"Ni ya fizikia."

"Aa, fizikia ya ng'ombe!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Nami nikacheka, ili ayaache. Hakuyaacha.

Sasa niseme kosa langu. Mwanzoni mwa mwaka ule, kabla ya ajali, ukoo ulikutana Ikolo nyumbani kwa mgonjwa, shemeji yangu Hebroni, kaka mkubwa wa mume wangu. Mgonjwa alikuwa chumba cha pili, na sisi sebuleni tunajadili nani ataleta nini msibani siku ikifika. Wengine walitaja mbuzi. Mimi nikasimama nikasema, "Nyumba ya Asajile haitakuja na mbuzi. Sabuni yupo." Hakuna aliyeniomba. Walinipigia makofi, nikakaa chini nimeridhika.

Hebroni alifariki mwezi wa kumi na moja. Kesho yake asubuhi Eliud, mdogo wao, alifika na wanaume wawili na kamba. Nilikuwa nimeshazunguka tangu alfajiri kutafuta ng'ombe wa kubadilishana. Jirani yangu pekee mwenye dume alikuwa ameshaliahidi kwenye harusi.

"Poleni na msiba, shemeji," nikasema.

"Tumeshapoa. Tumemfuata yule wa mahari. Wachinjaji wanasubiri."

"Nitatoa magunia mawili ya mchele badala yake."

Eliud alinitazama kana kwamba nimemtolea maji ya kunawa bila sabuni. "Mchele? Mwalimu, hapa Kyela nani atashtuka akiona mchele? Kaka yangu azikwe kwa mchele?"

"Mwakani basi nitaleta ng'ombe..."

"Mwakani atafufuka tumzike tena?" Wenzake wakacheka chini chini. "Ulisimama mwenyewe. Tulikupigia makofi. Au mtafiti hajamaliza na huyo ng'ombe?"

Samsoni alikuwa palepale zizini, gunzi mkononi, amesikia kila neno. Sikumtazama. Nilifikiria sebule ya Ikolo, na majina ya watoaji yakisomwa mbele ya watu, na jina la Asajile likirukwa. Nikaenda kwenye nguzo nikaanza kufungua kamba kwa mikono yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Gunzi likaanguka. Mikono ya Samsoni ilikuwa imerudi kutetemeka kama mwezi wa tatu. Hakupigana na mtu. Alikaa chini kwenye samadi, na suruali yake safi, akasema, "Mpe tu, Mama. Uliahidi."

Ni maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu ajali, na aliyatumia kulinda heshima yangu.

Nikaifunga kamba upya. Fundo lilinishinda mara mbili.

"Shemeji," nikasema, "hakuna shahada. Mwanangu anaumwa, tangu ajali. Hospitali walisema akae na huyu ng'ombe ndipo atalala, na kweli analala. Simtoi."

Wale wanaume wawili waliacha kucheka. Nilijua kwamba kabla sijafika Ikolo, kila mkeka pale msibani utakuwa umeshazijua habari hizo.

Eliud alikunja kamba yake taratibu. "Tangu mwezi wa tatu? Na sisi tunamcheka kwenye simu." Halafu hasira ikamrudia. "Ungesema, Mwalimu! Ningejua la kuwaambia watu. Sasa naenda kusema nini pale?"

"Sema nimekataa."

"Hilo sitalisema. Utalisema mwenyewe."

Nikaenda kulisema. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti: nyumba hii ng'ombe, nyumba ile mbuzi wawili, nyumba ya marehemu Mwalimu Asajile magunia mawili ya mchele. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Wanawake walinipisha kwenye mkeka, lakini karibu na mlango, mahali pa wageni. Shangazi wa akina Eliud, mama mzee asiyejua kunong'ona, akauliza, "Huyo ng'ombe wako ana kazi gani kubwa hivyo?"

"Anamlaza mwanangu," nikasema.

Rut, aliyekuwa ameshaanza kutabasamu, alitazama chini. Nilikula wali wangu mwenyewe msibani, na nyama ya ng'ombe wa watu wengine.

Watu huniambia nilifanya vizuri. Huniambia pembeni, si mbele ya ukoo. Kwenye kikao cha mwezi uliopita sikuitwa. Samsoni bado hajarudi kazini, na Naomi anasema tusihesabu miezi. Mimi nahesabu.

Siku niliyorudi kutoka Ikolo nilimkuta zizini.

"Walisema nini?" akauliza.

"Walisema mengi."

"Juu yangu?"

"Juu yangu."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kama cha baba yake. Kisha akaokota gunzi, akanipa.

"Upande huo sijamaliza," akasema. "Usimkwaruze."

Nilikuwa bado nimevaa nguo za msiba. Nilikunja mikono ya gauni, nikamsugua.