Kibodi ya Kwanza Huchaguliwa kwa Vidole

Siku ambayo haijawahi kunitoka akilini ni ile niliyoingia katika duka la Mzee Jayant pale Nyeri mjini, nikiwa na miaka ishirini na saba, nimevaa sweta mpya na nina haraka isiyo na sababu. Nilikuwa nimekuja kununua kibodi. Mwanangu, najua utacheka. Vijana wa rika langu walitamani redio na viatu, lakini mimi nilitamani kibodi, kwa sababu ile iliyokuja na kompyuta yangu ilikuwa imekufa, na kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua.

Jana umenitumia picha mbili kwa simu, kibodi moja inawaka rangi zote kama mti wa Krismasi na nyingine nyeusi tupu, ukaniuliza, "Anti, nimepata kazi ya kuandika mikutano ya watu kutoka kwa sauti, na nataka kibodi yangu ya kwanza yenye swichi za kweli, lakini isiniumize mfuko. Nichukue gani?" Nitakujibu. Ila jibu langu linapitia kijijini Giakanja kwanza, kwa hivyo nivumilie.

Nyeri ya wakati ule ilikuwa mji wa karatasi. Watu walishuka kutoka Tetu na Othaya asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, wamekunja vyeti vyao ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo wameuficha ndani ya koti. Mimi nilikuwa na nafasi ndogo kwenye ujia wa jengo moja, upana wake kama mlango na nusu, katikati ya fundi wa nguo na mpiga picha. Nilikuwa na meza, kompyuta moja, printa iliyolia kama mbuzi, na kibao nilichoandika kwa mkono: Barua, Fomu, Maombi ya Kazi. Nilijiona nimefika. Wenzangu wote bado walikuwa kwenye taipureta.

Mzee Jayant alizaliwa papo hapo Nyeri, na baba yake ndiye aliyefungua duka lile. Alizungumza Kikuyu vizuri kuliko mimi niliyekulia shuleni kwa masista. Kabla ya kompyuta kuja, alitengeneza taipureta za ofisi zote za mji, na hata siku hizo bado alivaa koti refu la kahawia lenye bisibisi mfukoni. Aliniwekea kibodi mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa kuukuu, imetoka katika ofisi fulani iliyofungwa, nzito kama jiwe la kusagia, rangi yake imegeuka kama chai yenye maziwa mengi. Chini ya kila kitufe palikuwa na swichi yake na springi yake. Nyingine ilikuwa mpya, nyembamba, nyeusi, bado imo ndani ya plastiki, na vitufe vyake vilikaa juu ya utando mmoja wa mpira. Bei zao zilikaribiana.

"Keti hapa," akaniambia, akinisogezea kigoda. "Andika ukurasa mzima kwa hii, halafu ukurasa mzima kwa ile. Mimi niko na wakati."

"Mzee, mimi ninajua kuchapa," nikamjibu.

Nilipiga herufi tatu nne kwa ile kuukuu nikacheka. "Hii inapiga kelele kama cherehani."

"Inakuambia kwamba imesikia," akasema.

Ile mpya nikaipiga herufi tatu pia, ikakaa kimya, laini kama mto wa kulalia. Nikaichukua. Mzee hakubishana nami. Alinifungia, akanitakia kazi njema.

Wiki za kwanza nilitembea kwa maringo. Mpiga picha aliniita mama wa ofisi. Baadaye nikaanza kuona kwamba kitufe hiki au kile kinataka kubonyezwa kwa nguvu, la sivyo hakiandiki. Unapiga, kidole kinashuka, na kwa kuwa vitufe vyote vinashuka kwa ulaini ule ule, kidole hakikuambii kama herufi imeingia au haikuingia. Nikazoea. Nikawa narudi nyuma na kuongeza herufi zilizokosekana, bila hata kufikiri. Ndivyo mtu anavyouzoea ubovu, mwanangu, mpaka anauona ni sehemu ya kazi.

Kisha akaja Mama Githinji.

Alikuwa mjane kutoka Giakanja, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayeumwa na kichwa. Shemeji yake alitaka kuuza sehemu ya chini ya shamba, ile inayopakana na kijito, mahali ambapo mama huyu alipanda nduma na marehemu mumewe alipanda miti. Bodi ya ardhi ilikuwa inakaa kesho yake. Alihitaji barua ya pingamizi, fupi, yenye jina lake, sababu zake, na namba ya shamba. Alinisimulia yote polepole huku mikono yake ikiwa juu ya magoti, na mimi nikachapa. Nyuma yake palikuwa na foleni. Mwalimu mmoja aliyetaka maombi ya kazi alikuwa anakohoa ili nimwone. Nikaitoa barua ile kwenye mashine, nikaigonga muhuri wangu, nikampa. Sikuisoma.

Namba ya shamba lake ilikuwa na saba mbili zinazofuatana. Kwenye barua ilitoka saba moja.

Alirudi siku tatu baadaye. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliiweka barua ile mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Mwari," akaniambia, maana alikuwa ananiita binti kwa lugha ya nyumbani, "wamesema hii ni namba ya shamba la mtu mwingine, ati mimi sihusiki. Walisoma ombi la shemeji yangu, wakalipitisha. Jana mnunuzi alileta watu na misumeno."

Nikaichukua karatasi. Nikatafuta kosa na nisilione. Yeye hakujua kusoma, lakini aliketi mbele yangu akaitaja namba ya shamba lake kwa mdomo, tarakimu moja baada ya nyingine, kama mtu anayeita watoto wake ndani mvua ikianza. Alipofika kwenye ile saba ya pili, kidole changu kilikuwa kimesimama mahali pasipo na kitu.

Mwanangu, nilifunga meza yangu nikabeba ile kibodi kwapani, waya ukiburuta chini, nikaenda kwa Mzee Jayant nikiwa nimejaa hasira. Nilimwambia ameniuzia takataka. Nilimwambia mengi mbele ya wateja wake, na nikiyakumbuka moja baada ya jingine bado naona haya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaomba kuiona ile barua. Akaisoma yote, bila haraka, akavua miwani.

"Huyu mama alikuwa ameketi mbele yako?"

"Ndiyo."

"Ulimsomea kabla hajaondoka?"

Nikaiweka kibodi juu ya kaunta.

"Basi makosa ni mawili," akasema. "Ulichagua kibodi kwa macho, na kibodi ni kitu cha vidole. Hilo naweza kulirekebisha hapa dukani. Lile la pili sina kifaa chake. Utalirekebisha wewe mwenyewe, kila siku, mpaka uache kazi hii."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alichukua ile kibodi nyembamba, akanipa ile kuukuu badala yake, na akanikalisha kwenye kigoda kile kile. Nikaandika ukurasa mzima. Nililia nikiandika, wateja wakinitazama. Kila kitufe kilipogonga, kidole changu kilijua.

Kesi ya Mama Githinji ilichukua misimu miwili ya mvua. Barua zote niliziandika mimi. Nilipanda naye ngazi za ofisi zile nikiwa nimebeba faili, na mbele ya kila afisa nilieleza kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Kabla barua haijatoka mezani, nilimsomea neno kwa neno, na tulipofika kwenye namba aliitaja yeye, nami nikafuata kwa kalamu. Mwishowe uuzaji ule ulifutwa na sehemu ya kijito ikarudi kwake. Lakini nilipokwenda Giakanja kumtembelea, nilikuta visiki. Miti ya mumewe haikurudi. Alinipa uji, akanionyesha nduma changa alizopanda upya kandokando ya maji, akaniambia, "Hizi zitakomaa." Aliniambia hivyo ili kunipunguzia mzigo, na kwa kweli ulipungua, ingawa haukuisha.

Kibodi ile ya rangi ya chai niliitumia miaka mingi. Mzee Jayant alinifundisha kung'oa kofia za vitufe na kuziosha kwa maji ya sabuni, na kubadilisha springi moja ikichoka. Siku hizi duka lake halipo. Watoto wake walihamia Nairobi, na pale sasa wanauza simu. Nikipita hapo nikiwa na mkoba wangu wa sokoni bado napunguza mwendo, kana kwamba nitasikia mtu akijaribu taipureta kule nyuma.

Sasa nisikie, maana ndilo uliloniuliza. Usichague yoyote kati ya hizo mbili kwa picha. Panda gari uende dukani, Nanyuki hapo ulipo au uje Nyeri tuende pamoja, ukaketi mbele yake na uandike ukurasa mzima, hata muuzaji akikuna kichwa. Bonyeza kila kitufe, pamoja na zile namba, pamoja na vile vya pembeni usivyovipenda. Swichi ziko za aina nyingi. Kuna zinazolia, kuna zinazoteleza kimya, na kuna zenye kijigongo kidogo katikati ambacho kidole hukisikia bila kuwaamsha majirani. Wewe unalala chumba kimoja na dada yako na mtoto wake mchanga, kwa hivyo zile za kulia ziache, utafukuzwa. Usinunue ya bei kubwa mara ya kwanza, kwa kuwa bado hujavijua vidole vyako. Mwaka mmoja wa kazi ndio utakaokuambia vinapenda nini. Tafuta ya kawaida, yenye waya, ambayo swichi zake zinang'oka na kurudishwa kwa mkono, ili moja ikifa ubadilishe hiyo moja na usitupe kibodi nzima. Taa si dhambi, lakini kama ni kuchagua kati ya taa na swichi nzuri, taa hazijawahi kumwandikia mtu neno. Uliza kama wataipokea ukiirudisha, na risiti uiweke mahali utakapoikumbuka. Tena kama kazi yako itakuwa na namba nyingi, chukua ile ndefu yenye namba upande wa kulia, hata kama ile fupi inapendeza zaidi mezani.

Na ukishaipata, soma ulichoandika kabla hujakituma. Soma kwa sauti. Kama mwenye maneno yuko karibu, msomee yeye. Nyuma ya kila ukurasa utakaochapa kuna mtu ambaye pengine hatakujua kamwe, na amekuachia jambo lake mikononi.

Mungu aitunze migongo yenu ninyi mnaofanya kazi mkiwa mmeketi. Akupe mikono isiyochoka upesi na macho yasiyoruka mstari. Na kila atakayekuletea maneno yake, Mungu ajalie arudi nyumbani nayo yakiwa mazima.