C ya Katikati Haihami

Kwenye kwaya yetu hapa Sombetini tumelelewa kwa do-re-mi, na do yetu ni mpangaji: leo iko chini, wiki ijayo imehamia juu, nasi tunaifuata na mizigo. Kwa hiyo mwalimu mpya alipoleta nota za mistari mitano, akagusa nota moja iliyokaa peke yake kwenye kamstari kafupi na kuuliza jina lake, tulijibu kwa pamoja, "Do!"

"Do ya nani?" akacheka. "Hii ni C ya katikati. Haihami. Ukiijua hii, nyingine zote unazihesabu kuanzia hapo."

Nikaipenda palepale. Mimi ambaye nikifika hapo jirani tu Usa River najihesabu nimesafiri, hatimaye nilikuwa nimepata ndugu.

Shida ni kwamba mwalimu alitangaza: asiyejua kusoma nota yake ya kuanzia, haendi kuimba Oldonyo Sambu. Mke wangu, sauti ya pili, akafurahi mno. "Baba watoto, wewe si unapenda kubaki? Utatulindia kuku."

Ajabu ni kwamba safari hii sikutaka kubaki. Nikabandika karatasi ya nota jikoni, nikaunguza maharage, nikaendelea kusoma.

Siku ya mazoezi mwalimu akatugawia wimbo. Wanawake wana mistari yao mitano juu, wanaume yetu mitano chini. Nota ya kwanza ya sauti ya pili ilikaa chini ya mistari yao. Ya kwetu, sauti ya tatu, ilikaa juu ya mistari yetu.

"Nani anaanza juu?" mwalimu akauliza.

"Sauti ya tatu!" wakajibu, mke wangu akiwa wa kwanza.

"Hakuna," nikasema. "Ni nota moja. Sakafu yenu ndiyo dari yetu."

Wakaangua kicheko. "Haya, fundi ujenzi," mke wangu akasema, "imba tusikie."

Nikaimba. Naye akaimba yake, mdomo ukiwa tayari kunicheka. Sauti zikakutana, zikawa moja. Mwalimu akabonyeza C ya katikati kwenye kinanda, nacho kikatuunga mkono.

Mke wangu akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Kumbe yale maharage hayakuungua bure."

Oldonyo Sambu nilienda, sweta juu ya sweta, nikitetemeka kwa baridi ya huko na kuulizia saa ya kurudi. Lakini wimbo ulipokaribia kuanza, mke wangu hakumtazama mwalimu kutafuta nota yake. Alinitazama mimi.